Masale Manne ya Elizabeth

Shuleni, Meru,
S.L.P. Arusha,
22 Mei, 1954

Kwa kaka yangu Aminieli,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Korogwe, na ile homa iliyokulaza mwezi wa tatu isiwe imerudi. Wifi hajambo? Na watoto, wameshazoea joto? Sisi huku tunapumua. Mama kifua kinambana asubuhi kwa sababu ya ukungu, lakini akishakunywa uji anaanza kutugombeza kama kawaida. Masika ya mwaka huu yamezidi, mlima hatujauona wiki ya pili sasa.

Kaka, barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, narudi kukaa. Jana Mama aliniuliza kama kiti changu kina siafu. Ile barua uliyomwandikia, mimi ndiye niliyemsomea. Nimeelewa kwamba umeomba ruhusa kazini, unakuja mwanzoni mwa Juni kumshtaki jirani yetu Solomoni barazani kwa kung'oa masale ya mpaka na kuila ardhi ya marehemu baba. Kabla hujapanda gari, tafadhali soma hii mpaka mwisho.

Wacha nianze na kitabu. Mwezi wa pili msimamizi wa shule alinipa kitabu cha Kizungu cha kuwafundisha watoto habari za mimea na wanyama, kila majira na kazi zake. Majira yenyewe ni manne, na mengine yana theluji mpaka mlangoni, basi nikayageuza yakawa ya kwetu: masika, kipupwe, kiangazi na vuli. Nilikipenda kile kitabu kupita kiasi. Niliwatoa watoto darasani. Tulipima mvua kwa kopo la siagi. Tulilaza maharage kwenye kitambaa kibichi tukahesabu siku mpaka yakatoa mzizi. Kila mtoto alipewa mti wake wa kuutazama, na kila Ijumaa anaandika alichokiona. Mmoja aliandika kwamba mti wake haujafanya lolote wiki nzima, nikampa alama zote kwa kusema kweli. Wazazi walinuna, wakasema wamewaleta watoto wasome, si kuzurura na makopo kwenye mvua. Lakini watoto walikuwa wanawahi shule kuliko mimi.

Halafu tukafika ukurasa unaosema mvua zikianza watoto waende kwenye ua wa shamba, wachimbue mmea pamoja na mizizi yake, wauchore, kisha waupande kwenye bustani ya shule. Nadhani huko kwao ua ni vichaka tu vilivyojiotea. Nami nikawatafsiria vivyo hivyo: msiguse kahawa, msiguse migomba, chimbueni kilichoko pembeni kabisa. Wewe na mimi tumezaliwa hapa, tunajua pembeni kabisa mwa shamba la Mmeru kumepandwa nini. Sikufikiri. Mkaguzi alikuwa anakuja baada ya siku nne na bustani ilikuwa tupu.

Unamkumbuka Elizabeth, mtoto wa mwisho wa Solomoni, yule mwenye pengo? Ana miaka tisa sasa. Kesho yake alikuja na masale manne ndani ya khanga ya mama yake, na udongo wake, hakuna mzizi uliokatika. Nilikuwa nimesema mmea mmoja. Akanieleza kwamba moja ni la masika, moja la kipupwe, moja la kiangazi na moja la vuli, kwa sababu kitabu kinasema majira ni manne. Nilimsifu mbele ya wenzake. Tukayapanda, kila moja na tuta lake na kibao chake. Masale yapo kila kona ya nchi hii, nani angeuliza yametoka wapi? Mkaguzi alisimama pale muda mrefu, akaandika kwamba bustani kama ile hajaiona wilaya nzima. Wiki iliyofuata nikaambiwa jina langu limepelekwa chuoni, nikasomee ualimu wa Gredi ya Kwanza.

Mengine umeyapata kwa Mama. Mke wa Solomoni alipolima hakuona alama, akapitiliza hatua mbili upande wetu. Mama akaona, na unaijua sauti ya Mama. Solomoni anashinda Ngarenaro mjini kwenye useremala wake, hurudi Jumamosi. Alirudi akakuta anaitwa mwizi. Na tangu wenzetu wa Ngare Nanyuki walipoondolewa kwenye ardhi yao, hakuna mtu huku anayeweza kuguswa shamba akatulia. Wazee wa kanisa wamemzuia Meza ya Bwana mpaka shauri liishe. Ndugu zake hawampi mkono. Anaapa hajui lolote, na haaminiki.

Kaka, mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Na si kujua tu. Siku ile nilipowatuma, Elizabeth alibaki nyuma akaniuliza, "Mwalimu, hata isale?" Nilikuwa napanga madaftari. Nikamjibu bila kumtazama, "Hata isale, mradi usikate mizizi." Mama alipoanza kupiga kelele, nilimwita mtoto kando nikamwambia asimwambie mtu, hata baba yake, mpaka mkaguzi aondoke. Mkaguzi ameondoka mwezi mzima sasa. Mtoto bado amenyamaza kwa kuwa sijamwambia aache. Hasomi tena kwa sauti, na daftari lake la Ijumaa ni jeupe. Naona aibu, kaka. Hata kanisani siwezi kuimba.

Leo ni Jumamosi. Solomoni akifika nitakwenda kwake, na kesho baada ya ibada nitasema mbele ya wazee. Mama nitamwambia mwenyewe, Mungu anisaidie. Chuo nadhani kimekwenda, nami nimekililia, sikufichi.

Masale yameshika vizuri, yametoa majani mapya. Ila yalipokuwa yamesimama, hatua kwa hatua, hakuna anayekumbuka ila wewe uliyeyapanda na baba. Kwa hiyo njoo kama ulivyopanga. Ukifika usiende barazani, pitia shuleni uyachukue.

Ndani ya karatasi hii utakuta jani la isale lililofungwa fundo, nimelichuma kwenye lile la masika. Hujasahau kwamba mtu akiletewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa kusamehe. La Solomoni liko hapa mezani, nalisubiri jioni ifike.

Mpe wifi salamu zangu, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu sana. Anadhani nakuandikia habari za kahawa.

Mdogo wako mwenye kosa,
Magdalena

Nimesahau jambo moja. Fundo amelifunga Elizabeth. Akaniuliza kama na yeye atafute jani la kumpelekea baba yake. Nimemwambia hapana, la kwake nalibeba mimi.