Siku Nilipovisalimia Vidole Vyangu

Mpendwa dada Riziki,

Unakumbuka siku niliyovunja kimya cha wanawake kumi na wawili kwa kupiga yowe kwamba nakufa? Nikiikumbuka nacheka peke yangu, na wateja wanaoniletea nguo za kushona wananitazama tu.

Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu pikipiki initupe kwenye changarawe. Mguu ulishapona, lakini injini yoyote ikiwaka tu, kifua kinabana nisiweze kupanda. Baba yangu, mzee wa Lorugum, alikuwa akinipigia simu kila Jumapili kuuliza nitakuja lini, nami kila Jumapili nilimdanganya kwamba kazi ni nyingi. Ni wewe peke yako, jirani yangu uliyetoka Kongo na mafunzo yako ya kupumua, niliyekwambia ukweli.

"Njoo tu ukae kwa mkeka," ulisema. "Hakuna mtu atakuuliza kitu."

Nikaja. Nikafumba macho, nikavuta hewa kwa pupa kana kwamba tunashindana. Kwanza midomo ikafa ganzi. Vidole vikaanza kuchomachoma, vikajikunja vyenyewe kama miguu ya kuku, na kichwa nikakihisi kimekuwa kikubwa kama tangi la maji. Ndipo nikapiga lile yowe. Ulikuja mbio ukanishika mikono.

"Dada, haufi. Unapumua mbio sana. Vuta kidogo kwa pua, toa pole pole."

Vidole vikafunguka kimoja kimoja mikononi mwako. Wenzetu waliokuwa wamejizuia wakaangua kicheko, nawe ukasema kwa Kiswahili chenu, "Banacheka? Bacheke, nayo ni kupumua."

Tangu hapo sikukosa Jumanne hata moja. Kuna siku nilihisi nayumba kama niko juu ya ngamia. Kufungua macho, nimekaa tuli. Siku nyingine joto lilipanda kutoka kitovuni hadi shingoni, machozi yakatiririka, wala sikuwa na huzuni yoyote. Nilikuuliza maana yake.

"Sijui," ulisema. "Ilikuwa vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi."

Halafu ukafanya jambo ambalo hata ndugu wa tumbo moja si wote wangelifanya. Uliacha kibanda chako cha mandazi siku mbili, ukapanda pikapu pamoja nami pale Kakuma twende kwa baba. Hatujafika mbali, vidole vikaanza tena kuchomachoma.

"Vimekuja," nilikunong'oneza.

"Visalimie."

Nikavitazama, nikavisalimia kwa sauti kwa lugha yetu, "Ejok!" Dereva akadhani nimemsalimia yeye, akaitikia kwa furaha, "Ejok-noi!" Tulicheka hadi mbavu zikauma. Nilipotahamaki, vidole vimetulia na nyumba za Lodwar zinaonekana. Pale tukapata gari jingine, na mimi ndiye niliyetangulia kupanda.

Baba alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanitemea mate ya baraka kwenye paji la uso. Kisha akakugeukia wewe. "Huyu umemletaje?"

"Kwa pua, baba," ulimjibu.

Ulipohamia huko ng'ambo kwenye baridi, nililia juma zima. Sasa ule mkeka wa Jumanne nausimamia mimi, na Lorugum nakwenda kila mwezi. Mgeni akisema mikono yake imepotea, namshika kama ulivyonishika.

Mwezi uliopita baba naye alitaka kufundishwa. Alikaa kwenye kigoda chake, akafumba macho, akavuta hewa na kuitoa taratibu mno hata nikajivunia mwanafunzi wangu. Muda ukapita. Uso wake ulikuwa umelegea, una amani ambayo sijawahi kuiona. Nikamuuliza kwa sauti ya chini anahisi nini mwilini.

Akafikiri sana.

"Njaa," akasema.

Nilimpikia huku nikicheka, dada, nikatamani ungekuwepo ule naye.

Pumua vizuri huko uliko.

Mdogo wako wa Kalobeyei,
Akai