X Nyekundu kwenye Baraza Lako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huko uliko umeshaanza kuwapimia watu njia, kwa hiyo sitakuchelewesha.

Nakumbuka Kisarawe ulipokuwa ukipima barabara, nikiwa darasa la pili, tukiwafuata kina mama waliokuwa wakitoka kuchota maji. Uliwaacha wapite, kisha ukamwaga majivu niliyokubebea pale walipokanyaga. "Barabara haianzi mezani," uliniambia. "Watu wameshaichora kwa miguu." Mstari wako ukaenda, ukapita katikati ya jiko la bibi, mama yako mzazi. Nilidhani utaupinda. Ulichukua sururu ukaanza na jiko hilo. Bibi alinuna wiki nzima, lakini majirani walivunja ya kwao bila kelele.

Ndiyo maana mwezi uliopita nilicheka peke yangu kama mwehu. Siku hizi mipango miji ni kazi yangu, na nilikuwa mtaani kwetu Tangini na ramani uliyoichora wewe. Tunafungua barabara, ili mjamzito wa nyumba za mwisho asibebwe tena kwa mkokoteni hadi lami, ndipo apate gari la kumpeleka hospitali ya Tumbi. Nikapima mara tatu. Baraza ulilojenga ulipostaafu limeingia barabarani hatua mbili. Wewe, Baba! Kweli mganga hajigangi.

Jirani yetu wa ukuta wa bluu alishajua. "Mwanangu," akaniambia mbele za watu, "ukuta wangu utavunjwa siku baraza la marehemu litakapovunjwa." Wote wakaitikia. Nami nikaogopa, kwa sababu Mama hukaa hapo kila jioni, kando ya kiti chako. Siku mbili nilizunguka na kopo la rangi nyekundu nisithubutu kuweka X ya kubomoa.

Mwishowe nikamweleza Mama. Aliendelea kuchambua mchicha wake.

"Baba yako alivunja jiko la mama yake. Wewe baraza tu linakutoa jasho? Lete hiyo rangi."

X aliiweka mwenyewe, kubwa kuliko zote mtaani.

Leo asubuhi limevunjwa. Nimelia, sikufichi. Kufika adhuhuri ukuta wa bluu nao ulikuwa chini, na barabara yako imenyooka mpaka nyumba ya mwisho. Natembea kifua mbele, Baba.

Kiti chako Mama amekirudisha ndani hatua mbili. Mbele yake amemwaga mstari wa majivu.

"Ili baba yako asivuke tena," amesema.

Pumzika, mzee wangu. Barabara ninayo mimi.

Binti yako, mbeba majivu wako