Tope Juu ya Alama

Nkwabi, rafiki yangu,

Mjukuu wako amenipiga kofi. Minza, binti wa Masanja wako, yule uliyemwacha bado anabebwa mgongoni. Amenipiga hapa hapa kitandani kwangu Didia, miwani ikaruka mpaka chini ya kabati. Mkwe wangu alikuja mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi, akitaka kumtoa nje. Nikamwambia amwache. Lile kofi lilikuwa lako. Lilichelewa tu njiani.

Nakuandikia nimeegemea mito, maana nikilala chali maji yananijaa kifuani. Daktari hakuzunguka. "Mwalimu," aliniambia, "kaa karibu na watu wako." Nimekaa. Sasa zamu yako imefika, na kabla sijaja nataka ujue nililolifanya.

Minza anachapisha mabango na kadi za harusi pale Geita mjini. Akishafunga kazi, anakaa na gemu yake ya kurusha ndege za vita kwenye kompyuta. Usidhani ni mchezo wa watoto. Ndani ya chumba cha rubani kila mshale unacheza kama ile tuliyokuwa tukiifuta vumbi mimi na wewe jeshini. Wachezaji huzivalisha ndege hizo mavazi ya zamani: rangi, namba, alama ya nchi, hata masizi ya mizinga. Vazi hilo wanaliita skini. Minza ni fundi wa skini, na watu wa nchi ambazo hatukuwahi kuziota wanazipakua na kuruka nazo.

Safari hii alikuja na ndege yetu.

Aliiweka kompyuta magotini pangu. "Babu, walioiona wamekwisha, umebaki wewe. Tope lilikuwa na rangi hii?"

Nilishika ukingo wa kitanda. Ilikuwa yenyewe, Nkwabi. Ile pua yake, zile mbavu, tope jekundu lenye alama za viganja. Akaigeuza tumbo juu. Chini ya mabawa, pale penye alama ya nchi, palikuwa tope tupu. Na chini ya picha alikuwa ameandika maneno ya kwenda nayo: kwamba ndege hii ilikandikwa na babu yake, Nkwabi, aliyefunika alama kwa uzembe, na wajukuu wake wanaomba radhi.

"Naituma leo jioni," akasema. "Wametucheka tangu baba yuko shule. Acha niseme mwenyewe, wakose la kusema."

Nikamwambia asiitume kwanza, akae anisikilize.

Unaikumbuka siku ndege za adui zilipotukuta uwanjani tunakunywa chai. Yule mpishi aliyekuwa akituibia sukari tulimwokota kwa blanketi, na blanketi halikujaa. Wapiga mizinga walizika wenzao mchana kutwa. Ndege zetu zilikuwa zinang'aa kama sufuria mpya na rangi ya kuzifichia haikuwepo. Wewe ndiye uliyesema, "Afande, kwetu nyumba hazina rangi na bado watu wanalala." Afande akacheka, akakukabidhi kazi. Ukatuchanganyisha udongo mwekundu, samadi na oili chafu, tukakandika mbavu, migongo na matumbo kama kuta za nyumbani. Ile ndege ya kwanza ukaipa jina la dume la baba yako, lile la mabaka. Ukatuonya sote: "Alama msiziguse. Baba ng'ombe wake wakitoka topeni, pa kwanza kufuta ni kwenye chapa, ajue kama ni wa kwake."

Kisha ukaenda kula.

Mimi nilibaki nimelala chini ya bawa, ndoo ina tope bado. Jua la jioni lilipiga ile alama, ikawaka usoni pangu. Nikaliona blanketi. Nikaliona tena na tena, na kila nilipofumba macho ile alama ilikuwa bado inawaka. Nikachota tope kwa kiganja nikaifunika. Nikaenda bawa la pili, lililokuwa lako, nikaifunika na ile. Nililainisha vizuri, kama mama anavyolainisha kizingiti. Nilitaka kukwambia. Ukarudi na ugali wangu umeufunika kwa sahani, unanidai shikamoo yangu kama kawaida: "Nimekuzidi miezi, Mhoja! Sema shikamoo, ndipo ule." Nikakujibu, "Miezi haina marahaba," tukacheka, nikala. Sikusema.

Alfajiri king'ora kililia. Rubani wetu alipanda ngazi mbio huku akiimba kwa pua, kama alivyozoea. Hakuna aliyepata nafasi ya kuzunguka ndege.

Alirudi kutoka upande wa ziwa, chini chini, jua likiwa nyuma yake. Wapiga mizinga waliinua macho wakaona tumbo jekundu lisilo na alama. Wakafyatua wote kwa pamoja. Nilisikia kelele zao, Nkwabi, walikuwa wanashangilia. Risasi ziliipasua ile ndege kama mbuzi aliyetundikwa, ikapinduka, ikalima shamba la mihogo nje ya uwanja. Tulikimbia mimi na wewe. Rubani tulimpata kwa vipande. Mkono wake ulikuwa bado umekamata usukani, ila ulikuwa peke yake.

Ndipo mpiga mizinga mmoja mrefu alipolisugua bawa kwa shati lake, na alama ikatokea. Alilia kama mtoto. Akasimama, uso umejaa majivu. "Nani mkuu wa tope?"

Ukasema, "Ni mimi. Lakini alama nili..."

Hawakukuacha umalize. Walikupiga kwa vitako vya bunduki, kwa mikanda, kwa buti. Mmoja alikanyaga shingo yako, mwingine akakushindilia tope mdomoni, anapiga kelele, "Kula! Kandika na tumbo lako!" Taya lilivunjika kwa mlio kama wa mfupa machinjioni. Ulinitafuta kwa jicho moja lililobaki wazi. Ulidhani nitasema, "Aliziacha wazi, mimi ni shahidi." Mimi nilikuwa nimetia mikono mifukoni. Tope lilikuwa bado kwenye kucha zangu.

Walikufukuza jeshini ukiwa hujaweza kutafuna. Ukabeba magunia Isaka, sikio la kushoto halisikii, kisha ukaifuata dhahabu Geita. Mimi nikaenda chuo cha ualimu, nikafundisha historia mpaka kustaafu. Historia, Nkwabi! Masanja wako alirudi nyumbani ametoboka kichwa kwa sababu wenzake walimwimbia, "Baba yako kamkandika rubani." Nilizisikia habari hizo nikiwa nasahihisha mitihani, nikaendelea kusahihisha.

Nilipokutembelea machimboni uliniandalia kiti kilicho kizima, wewe ukakalia ndoo. Uliniuliza mara moja tu. "Mhoja, mimi alama niliziacha wazi. Unakumbuka?"

Nikasema, "Nakumbuka."

"Basi," ukasema. "Mmoja akikumbuka inatosha." Ukanimiminia chai. Nikainywa.

Duara, lile shimo la dhahabu, lilipotitia na kukufukia, wachimbaji wenzako walichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Walikutoa ukiwa mwekundu mwili mzima, udongo umejaa mdomoni. Kwa mara ya pili nilikuona hivyo. Msibani wakanipa mimi nisome wasifu wako kwa kuwa ndimi msomi. Nikasoma, "Alilitumikia jeshi kwa muda," nikaruka. Mlevi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Muda gani? Mpaka alipoua rubani!" Masanja akamrukia, wakavunjana meno juu ya udongo wa kaburi lako ambao bado ulikuwa laini. Nami nikakunja karatasi yangu vizuri, nikaitia mfukoni.

Hayo yote nilimweleza Minza. Chai ya Geita niliiacha mwisho, na nilipoifikia ndipo aliponipiga.

Kisha alikaa sakafuni akalia kwa hasira, si kwa huzuni, akipiga ngumi kwenye goti lake mwenyewe. "Baba yangu alikufa akimwonea baba yake aibu," alisema. "Unasikia, Babu? Amekufa hataki hata picha ya baba yake ukutani."

Akaiokota miwani yangu, akaifuta kwa kanga yake, akanivisha. Hakuwa mpole, akanibana sikio. Akaivuta kompyuta, akalitoa tope juu ya zile alama, zikabaki safi, zinang'aa kama ulivyoziacha.

"Hivi ndivyo babu yangu alivyoikabidhi?"

"Ndiyo."

Akanipa kipanya cha kompyuta. "Basi ziba mwenyewe. Kama ulivyoziba."

Mkono wangu unatetemeka siku hizi hata kijiko kinanishinda. Sikuomba msaada wala yeye hakuutoa. Niliziba bawa la kulia, nikaziba na lako. Tope lilikaa vibaya, limepindapinda, mtu yeyote ataona ni mkono wa mzee. Alilitazama akasema litabaki hivyo. Amezituma ndege mbili: moja yenye alama wazi, ina jina lako, na moja iliyozibwa, ina langu, jina kamili, na chini yake ameandika niliyomweleza. Alinisomea kabla ya kutuma. Nikamrekebisha mahali pamoja tu. Alikuwa ameandika kwamba nilinyamaza kwa hofu. Nikamwambia hofu ilikuwa ya siku ile. Baada ya hapo nilinyamaza kwa sababu ilinifaa.

Ameondoka hakuniaga. Sahani ya chakula aliyowekewa ameiacha imejaa. Lakini picha yako ameniomba, ile tuliyopiga chini ya bawa, wewe una tope mpaka kwenye nyusi. Amesema anakwenda kuitundika ukutani kwa baba yake.

Sikuombi unisamehe, sitaki kukupa kazi nyingine. Najua bado nina siku chache, na nimemwahidi Minza kwamba kila atakayepanda hii ngazi ya mlango wangu kunijulia hali, nitamweleza kwanza ni nani aliyeziba. Jirani amekwisha kusikia. Padri anakuja kesho, naye atasikia.

Kisha nitakuja. Ukitaka kupiga, piga. Mikono yangu haitakuwa mifukoni. Ukimaliza, nitakupa lile ulilonidai ujana wako wote, na nitalisema nimeinama.

Shikamoo, Nkwabi.

Mhoja