Kihispania cha Kuungamia

Shoga yangu Zainabu,

Kama huko uliko barua zinafika, isome hii ukiwa umekaa kitako, maana nimekuja na ugomvi. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Miezi yote hiyo nimekulilia vizuri, kwa heshima, mpaka majirani zangu hapa Kagoma wakawa wananiletea uji kama mgonjwa. Jumapili iliyopita nimeacha kulia. Nimezungumza na Sista Ines, Zainabu. Kwa Kihispania. Na nimeambiwa mambo.

Usianze kucheka. Nitaanzia mwanzo, kwa sababu haya nimeyakariri mwaka mzima na zaidi na siwezi tena kuyaeleza kwa kurukaruka.

Asubuhi ile ya senene. Wewe na mimi tulikuwa tunamaliza zamu pale zahanati ya masista, wasichana wa miaka ishirini na kitu, gauni jeupe na kofia ya unesi. Wewe ulikuwa chumba cha pili unachemsha vifaa. Mimi nilikuwa leba na yule mama wa uzao wa tatu. Kumepambazuka, nachungulia dirishani, senene wametua nyuma ya tangi la maji, majani yote yanatembea. Wewe mtu wa mjini, wazee wako walitoka pwani, hukuwahi kuelewa hao panzi wa kukaanga wanamfanya nini Mhaya. Nikamwuliza mama kama uchungu umetulia, akasema umetulia kidogo. Nikachukua ndoo nikatoka. Dakika ishirini, Zainabu. Haya, nusu saa.

Niliporudi mtoto alikuwa ameshazaliwa, yuko sakafuni, rangi imembadilika, na wewe umepiga magoti unamsugua mgongo na kumpulizia. Akalia. Sista Ines, mkuu wetu, akaingia na ile sauti yake ya kengele, akauliza nani alikuwa na mama huyu. Wewe hukusita hata kidogo: "Mimi, Sista. Nilimwacha mara moja." Wiki iliyofuata ukahamishiwa Bukoba mjini, kwenye dirisha la kadi za wagonjwa, wewe uliyekuwa na mikono ya kuzalisha kutuzidi sote. Mimi nikabaki. Nikawa mkuu wa leba mpaka nastaafu, na kila waliponisifu niliona sifa hizo ni zako.

Ndiyo maana ya yale makopo. Ulijua, sivyo? Kila msimu, miaka thelathini na ushee, kopo la kwanza la senene lilikuwa lako. Nilichambua mwenyewe mabawa na miguu, nikakaanga na kitunguu, nikapanda gari Muleba mpaka Bukoba, nikakufikishia kwako Kibeta likiwa bado na joto. Na wewe ulilifungua kabla sijakaa. "Mhaya wangu, Mungu akuzidishie." Unatafuna. Unalamba vidole. Mara ngapi nilikwambia nitamwandikia Sista nimweleze ukweli, na mara ngapi ulinijibu, "Wacha ya kale, Mena, usimsumbue mama wa watu." Nikasema huyu mwanamke ana moyo wa malaika. Malaika! Nitafika huko.

Halafu masista wakatuletea habari. Sista Ines, kwao Hispania, amepata kiharusi. Akili nzima, lakini lugha zote alizojifunza ukubwani zimefutika. Kiswahili hana, Kiingereza hana, hata kale ka-Kihaya kake ka kusalimia hana. Amebaki na Kihispania cha mama yake tu. Na mpwa wake anasema kila mara anamtaja Zaina, jina alilokuita yeye, analia. Nikajua siku zangu za kukwepa zimekwisha. Binti yangu akaniambia simu inatafsiri yenyewe. Nikamwambia simu haina dhambi, haiwezi kuungama. Na kumpa mpwa aniungamie, mtu nisiyemjua, pia sikutaka. Nitajifunza mwenyewe, nikasema, bibi kizee wa watu.

Kitabu nilichopata kimeandikwa kwa ajili ya watu wa Kiingereza. Kwa hiyo ikabidi nipite kwa Mwingereza ili nifike kwa Mhispania, kama mtu wa Muleba anayepitia Mwanza kwenda Bukoba. Salamu nilizimudu. Rangi, matunda, siku za wiki, sawa. Lakini mimi sikutaka matunda, mimi nilitaka kusema nilitoka, nikamwacha mama. Na wakati uliopita wa Kihispania, ile sura ya tisa, Zainabu, ni kesi ya mahakamani! Mwingereza akishasema alitoka, ametoka, yamekwisha. Mhispania anakuuliza: ulitoka mara moja ukamaliza, au ulikuwa na tabia ya kutoka? Kuna *salí* na kuna *salía*. Nikikosea, namwambia Sista kwamba kila asubuhi nilikuwa naacha wazazi leba naenda kuokota senene. Na nikiteleza upande wa pili nikasema *salió*, basi aliyetoka si mimi tena, ni yeye, na yeye ni wewe, na ninakusingizia mara ya pili!

Na lile neno *fui*. Nilikwenda ni *fui*. Nilikuwa mtu fulani ni *fui* hiyohiyo. Nani alikaa kikao akaamua hivyo? Sisi Wahaya tuna wakati uliopita wa leo, wa jana na wa zamani za kale, na hakuna mtoto wa Kagoma anayechanganya. Nimezalisha watoto waliokaa vibaya tumboni kwa taa ya kibatari, sijawahi kutupa kitu ukutani. Hicho kitabu nimekitupa mara mbili. Mara ya pili kilimpiga kuku.

Wewe ulikuwa unafurahi tu. Unakumbuka barazani kwako Kibeta, umevaa miwani ya shemeji, mumeo, umeshika kitabu juu chini unajifanya mwalimu, na waitu yetu ya heshima mdomoni? "Haya waitu, tulikula!" Mimi nakosea. "Tulikuwa tukila!" Nakosea tena. "Astaghfirullah, Mena, kwa mwendo huu Sista atafufuka kabla hujamaliza sura ya tisa." Nikakukumbusha kwamba Sista hajafa. Ukasema, basi ndiyo haraka ya nini? Nilidhani unanipa moyo. Kumbe ulikuwa unaniomba nisifike!

Aliyekufa ni wewe. Siku ile wodini, mkono wako umekuwa mwepesi sana, ulinivuta karibu ukaniambia, "Ukizungumza na Sista, mpe salamu za Zaina. Na usinikasirikie." Mimi nikalia. Nikasema, nikukasirikie kwa nini, dada yangu, kuugua ni kazi ya Mungu. Ukafumba macho. Na nakuapia, sasa nikikumbuka, ulikuwa unajizuia kucheka.

Baada ya mazishi nilisoma kwa hasira. Sikuwa na mtu wa kunisahihisha wala wa kunicheka. Nilikariri vitenzi nikipalilia kahawa, nilivikariri misani, Mungu anisamehe, padri anahubiri na mimi moyoni nilitoka, ulitoka, alitoka. Nikaandika ungamo langu ukurasa mmoja na nusu, kila kitenzi nimekipigia mstari, nyekundu kwa lililokwisha, bluu kwa lililokuwa likiendelea. Wakati mwingine nilinyanyua simu kukuuliza kitu, nikalitafuta jina lako, ndipo nikakumbuka. Hilo limenichosha kuliko sura ya tisa.

Jumapili mpwa akapiga simu ya video. Sista amekuwa mdogo, Zainabu, uso umeshuka upande mmoja, lakini macho ni yale yale ya kukagua vitanda. Nikamsalimu. Nikavaa miwani, nikaanza kusoma. Nikasema siku ile aliyemwacha mama ni mimi, si Zaina. Nikasema mtoto yule alikua, sasa ni mtu mzima mwenye mashine ya kukoboa kahawa. Nikasema nimebeba jambo hili maisha yangu yote, na naomba msamaha. Nikashusha karatasi.

Sista alikuwa anacheka.

Nilidhani ni kiharusi. Akainua ule mkono wake mzima, akajigusa utosini, akasema maneno mengi ya haraka, na katikati yake, wazi kabisa, neno moja ambalo kiharusi hakikumchukulia: "Senene." Nikamwomba arudie polepole. Akarudia. Senene mmoja, mzima, wa kijani, alikuwa amekaa juu ya kofia yangu! Nimesimama pale mlangoni na uso wa mtakatifu, na senene juu ya kofia anatikisa pembe zake. Alijua tangu dakika ile. Wewe ulimwona pia. Miaka thelathini na ushee, hakuna aliyeniambia nina mdudu kichwani.

Nikamwuliza, kama ulijua, kwa nini ulimhamisha Zaina? Hapo ndipo nilipojuta kujua Kihispania. Akasema ulishamwomba uhamisho wa Bukoba mara tatu, na mara tatu alikunyima, kwa sababu ulikuwa mkunga wake bora. Akasema kesho yake uliingia ofisini kwake, ukafunga mlango, ukamwambia, "Sista, sasa unayo sababu. Niadhibu." Na akaniuliza, yule kijana fundi cherehani wa mjini, Zaina aliolewa naye mwishowe?

Zainabu! Mtawa! Mtawa wa Mungu alijua habari za shemeji, na mimi niliyekuwa nalala kitanda cha jirani na chako sikujua! Mimi nilidhani mlikutana baadaye, kwamba angalau Mungu alikufuta machozi ya adhabu kwa kukupa mume mwema. Nilimshukuru Mungu kwa hilo kwenye sala zangu, mwanamke wewe! Ulikwenda Bukoba kuolewa, nauli nikakulipia mimi kwa aibu yangu, na kila mwaka ukanitoza kopo.

Kilichokuwa kikimliza Sista kila alipokutaja ni karatasi ya uhamisho wako. Aliandika kwenye faili lako kwamba ulimtelekeza mzazi, na akaogopa kwamba kwa uongo ule hukurudishwa tena leba, hukupandishwa cheo, hukuwa na raha. Akataka umsamehe. Akaniuliza uko wapi, mbona sikukaa nawe hapo.

Hilo sikuwa nimeliandika. Sikuwa na nyekundu wala bluu. Nikamwambia kama lilivyokuja, kwamba umekufa, na mpwa wake akaniandikia baadaye kwa upole kwamba nilivyosema ni kama ulikuwa ukifa kila siku. Sista alinielewa. Akauliza tu kama ulikuwa na furaha. Nikaiweka karatasi chini, shoga yangu, nikamweleza. Kwamba shemeji alikuwa akikungoja getini kila jioni, mvua, jua. Kwamba alikuwa akikushonea gauni kila Idi na linakubana kila Idi. Kwamba ulikuwa ukiimba ukioka vitumbua na ukiviunguza. Kwamba wanawake wa Kibeta walikuwa wakikuita nyumbani kwao uzazi ukiwa mgumu, kadi au si kadi. Kwamba ulikuwa ukicheka mpaka unashika ukuta. Dakika kumi nzima, bila kitabu. Nilikosea, najua nilikosea, lakini sikusimama. Sista alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na machozi yanashuka ule upande mzima.

Jumatatu nikapanda gari mpaka Kibeta. Shemeji nilimkuta anaziba tundu la neti ya chumbani kwenu. Amekonda, lakini anakula, watoto wanampokezana. Nikamwambia tu, "Shemeji, nimezungumza na Sista Ines." Akaacha kushona. Akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Alisema ukijua utapiga kelele siku tatu." Nikamwambia hii ni ya pili. Tukacheka, Zainabu, halafu akainama juu ya ile neti, mabega yanatikisika, na mimi nikamshika.

Basi. Nimekwisha kueleza. Karatasi ya Sista itarekebishwa, mpwa wake anaandika anayoambiwa na Sista, nao masista watalitia faili lako barua ya pili, inayosema mzazi aliachwa na Filomena, kwa ajili ya senene. Hilo ndilo nililokuwa nataka tangu mwanzo, na nimelipata. Sista naye anataka nimpigie kila Jumapili nimsimulie habari zako, kwa hiyo kitabu sijakichoma, ingawa kuku bado wanakimbia wakikiona.

Kuhusu senene, sikiliza vizuri. Msimu ukifika nitakaanga makopo mawili. La kwanza ni la shemeji. La pili, lako, nitalibeba mpaka pale barazani, nitakaa kwenye kiti chako, nitalila lote mwenyewe, mmoja mmoja, na sikubakizii hata mguu. Hiyo ni ahadi.

Uliniomba nisikukasirikie. Nimekasirika, Zainabu, na sina haraka ya kumaliza, maana hasira ikiisha nitabaki na kukukosa tu, na huko sitaki kufika mapema. Mungu akulaze pema, mwongo wangu, na kama kuna dirisha la kadi huko, nishikie nafasi karibu yako.

Mimi wako,
Mena