Viwiko vya Sweta la Njano

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo nitakalolijutia, na tafadhali usinicheke, maana dada yangu ameshanicheka mpaka akakata simu.

Mimi ni dobi, nina mimba kubwa, na nimeolewa na fundi saa ambaye mke wake wa kwanza alifariki akijifungua, yeye na kitoto chake cha kike, wakazikwa pamoja, ni miaka sasa, na mume wangu hataki kabisa kulizungumzia hilo, ukimgusia tu anavaa ile miwani yake ya kazi na kuinamia saa za watu, basi mazungumzo yameisha. Tunaishi na mama yake, ambaye macho yake hayaoni vizuri. Mimba ilipoanza kuonekana mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, juu ya kabati kuna kopo la biskuti, mna sweta la mtoto halijakwisha, limalizie wewe, uzi mzuri ule." Nikalishusha, nikakuta sweta la njano la kuvaa mtoto mchanga, kifua na mgongo tayari, mikono bado, na sindano ya kroshia bado imo kwenye kitanzi kana kwamba mtu ameitwa mlangoni mara moja na sasa hivi anarudi. Nikajaribu kuliendeleza nikashindwa, kwa sababu vitanzi vyote vimelalia upande ambao si wangu, aliyelifuma alitumia mkono wa kushoto, na ukichanganya mikono miwili kwenye nguo moja utaona kabisa mwenzako alipoishia. Nikasema marehemu apumzike na kazi yake, nikalirudisha, nikaanza langu jeupe.

Mshauri, lile sweta linakua. Nilifungua kopo kutafuta kifungo nikakuta mkono mmoja umekwisha, baadaye na wa pili, kisha pindo likashuka na kifua kikapanuka, na vitanzi ni vya kushoto vilevile. Nikampelekea mama mkwe, akalipapasa, akatabasamu, akasema, "Mtoto amekua, jamani." Nikamwuliza mume wangu, alikuwa anakaza skrubu ya saa ya ukutani kwa ule mkono wake wa kushoto, hakuinua hata uso, akasema, "Liache hapo hapo lilipo."

Sasa na hilo lingekuwa dogo. Nguo ndiyo kazi yangu, najua nguo iliyokaa ndani ya kopo na nguo iliyovaliwa, na lile sweta viwiko vimesugulika, kwapani pamelegea, na kifuani kuna doa la majani mabichi, na kwetu sisi uani ni saruji tupu, jani la kuokota huna. Nikalichukua nikamvika mtoto wa jirani anayesoma chekechea, nione tu, likamkaa sawasawa, na wakati namvua ndipo nikakumbuka kwamba yule wa kaburini leo angekuwa rika lake.

Jana nimerudi kazini nikakuta sweta langu jeupe halipo kwenye kikapu. Limo ndani ya kopo, limelazwa juu ya kifua cha lile la njano, na mikono ya njano imelikumbatia. Naogopa, mshauri. Naona kama anamtaka wangu. Mkoba nimeshaufunga, nataka kwenda kujifungulia kwa mama yangu, na kabla sijatoka nalitia moto lile sweta nisilione tena. Nichome? Niondoke? Au ndiyo mimba inanichezea akili, kama dada anavyosema?

Dobi Asiyelala

*

Dobi mwanangu, marahaba. Weka kiberiti chini kwanza, halafu ukae, mimba yenyewe kubwa.

Nimekuhurumia na nimekukasirikia kwa pamoja. Wewe unayeona doa la jani kwenye uzi wa njano, umeshindwaje kuuona mkono wa mumeo? Umeniandikia mwenyewe kwamba anatumia wa kushoto, kisha ukapita kama hujasema kitu. Mama mkwe alikwambia kuna sweta halijakwisha, hakukwambia nani alilifuma. Hilo la marehemu umelijaza wewe. Mtu anayeshinda na vigurudumu vya saa, sindano ya kroshia itamshinda? Wewe unakwenda kazini, yeye anabaki na kopo. Miaka yote alikuwa ameliacha vile, mpaka ulipolishusha. Hakutaka wa kwanza avuliwe ili wa pili avikwe, mwanangu, ndiyo akaanza kukimbizana na miaka ambayo mtoto hakuishi.

Kwa hiyo usichome. Ukichoma utakuwa umemzikisha mumeo mwanawe mara ya pili, na hatakusamehe, hata akikwambia amekusamehe. Kwa mama yako nenda ukitaka kupumzika, lakini uondoke ukiwa umeaga, usitoroke.

Fanya hivi. Kesho mchana mwite mama mkwe aje akae nanyi, lipeleke lile kopo kwenye meza ya mumeo, sogeza saa za watu pembeni, kisha umwambie, "Mume wangu, niambie jina la mwanao." Habari za sweta usiulize. Akikimbilia ile miwani, mvue. Akilia mwache alie, mama yake yupo. Na jina hilo mtamtajia huyo anayekuja, ajue kwamba ana dada.

Lile kumbatio nalo umelisoma vibaya. Mimi nimelea, na mtoto mkubwa ukimpa mdogo wake ambebe, ndivyo anavyombeba, anambana kifuani mpaka wewe mama unaogopa. Hajaja kumchukua.

Sasa viwiko. Barua yako nimeirudia na kuirudia nikitafuta pa kutokea, sijapaona. Mwanamume akifuma hachakazi viwiko, na jani halioti kwenye saruji. Kazi yako unaijua na ninakuamini. Sitakutungia la uongo ili ulale.

Nina la kukuagiza tu. Doa la jani litoe unavyojua, sweta ulianike kivulini, viwiko uvitie viraka kwa mkono wako wa kulia, na mshono wako uonekane. Kisha usilirudishe ndani ya kopo. Litundike chini, kwenye msumari ambao mwenye sweta, wa rika la chekechea, anaweza kuufikia mwenyewe.