Chuma Kimo

Kibaha, 3 Aprili 1978. Asubuhi, manyunyu.

Mdogo wangu Damiani,

Marahaba. Hujambo? Mama hajambo? Na watoto wa darasa la pili unaowafundisha? Mimi mzima, ila chaki zimetuishia.

Umebakiwa na miezi michache kabla ya mtihani, na mtahiniwa binafsi hana mwalimu, basi niulize mimi. Ulichochanganya ni hiki. Shabu anayosafishia Mama maji ya kisima ni chumvi maradufu. Ikiwa kavu ni kitu kimoja; ukiitia majini, potasiamu, alumini na salfeti kila kimoja kinashika njia yake, na ukikipima utakikuta. Chumvi changamani si hivyo. Zile chenga za njano nilizokuonyesha maabara, sianidi sita zimeking'ang'ania chuma, hata majini hazikiachii. Kwa kipimo cha kawaida utasema hamna chuma. Kimo.

Jibu maswali manne niliyoambatanisha. Nitasahihisha.

Dada yako, Eugenia
Nalala saa nne na nusu usiku.

Masaki kijijini, 17 Aprili 1978

Shikamoo dada,

Mimi ni mzima wa afya, wasiwasi wangu ni kwako uliye mbali. Hali ya hewa na saa ya kulala hata kwenye barua? Unaniandikia mimi au shajara yako? Mama anasema shabu yake usiitungie mtihani.

Majibu yapo kwenye karatasi za nyuma.

Mdogo wako, Damiani

Kibaha, 9 Mei 1978. Asubuhi, jua.

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali. Tulikuzika Jumamosi.

Barua yako ilinifikia tarehe 21. Nikasoma "mzima wa afya", nikafurahi, nikaiweka chini ya madaftari ya wanafunzi ingoje zamu yake, nisije nikaonekana napendelea ndugu. Zamu yake imefika leo. Chini ya jibu la nne umeandika: "Dada, samahani kwa mwandiko. Homa siku ya tano. Mama nimemwambia ni uchovu. Dawa huku hatuna. Ukipata nafasi, njoo nazo."

Msibani Mama aliniuliza, "Hakukuandikia, Eugenia?" Nikamjibu, "Aliandika kwamba ni mzima."

Umefaulu, Damiani. Swali la pili, la shabu na changamani, hukukosea hata neno. La tatu ulisahau chaji ya ayoni. Nikakata alama nne, nikazirudisha, nikazikata tena. Ungenicheka. Tisini na sita.

Kesho nakwenda Masaki kumsomea Mama ukurasa wa mwisho.

Dada yako, Eugenia
Nalala saa kumi kasoro robo usiku.