Kamba ya Mbele

Mjukuu wangu Ashura, swali lako la fizikia, pamoja na mchoro wake wa magogo na kamba, limenikuta hapa Mpanda. Mgongo unauma, lakini nipo. Msalimie bibi yako hapo nyumbani Kasingirima.

Unauliza, magogo mawili yakivutwa yakifuatana, kamba ipi inakazwa zaidi? Miaka ya wakimbizi, nikiwa kijana mchukuzi pale Kibirizi, tulivuta ufukweni mitumbwi yao miwili iliyofungana, ikitoka ng'ambo ya ziwa.

"Nyie, kamba mpya fungeni katikati, nyuma kuna watoto!" mnyapara alifoka.

Ile kuukuu tukaifunga mbele, ikabeba mitumbwi yote miwili, pamoja na msuguano wa mchanga. Ikakatika. Mawimbi yakaipindua mitumbwi.

Bibi yako, msichana wakati huo, tulimtoa majini. Mama yake hatukumpata.

Jibu ni ya mbele. Bibi usimwonyeshe mchoro.

Babu yako